Wembe wa Babu: Kung'aa Si Kutakata

Kupunguza masharubu na kunyoa nywele za mwilini ni katika mambo ya fitra, nasi tumefundishwa tusiyaache yakapita siku arobaini. Leo tuuangalie wembe wa kukunja, ule ambao bapa lake huingia ndani ya mpini. Nyembe nyingi za aina hii zilitengenezwa Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, kwa chuma cha pua kigumu. Ukitunzwa, wembe huo hudumu zaidi ya miaka mia moja.

Mtu akiukuta katika sanduku la marehemu, huusugua ukang'aa, akaupitisha kwenye kinoo, kisha akanyoa. Je, hiyo inatosha?

Hatari iko wapi?

Wengi huogopa kuwa kutu huleta pepopunda. Kutu yenyewe haileti. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, huingia mwilini kupitia jeraha, na kinga yake ni chanjo. Ubaya wa kutu ni kuchimba vishimo vinavyohifadhi uchafu na damu.

Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu isiyoonekana kwa macho. Wembe uliofungiwa miaka mingi hauna hatari kubwa ya virusi hivyo. Hatari huja pale unapofufuliwa, ukaanza kuzunguka kwa baba, wana na wajomba.

Namna ya kuufufua

1. Ukague kwanza. Ukiwa na ufa, au kutu imekula hadi kwenye makali, uwekeni kumbukumbu tu. Hautafaa tena kunyolea.

2. Vaa glavu nene, uoshe kwa sabuni, kisha mpelekee sonara au fundi stadi autenganishe na mpini. Mipini ya pembe hupinda kwa maji ya moto, na ile ya seluloidi hushika moto upesi.

3. Laza bapa juu ya ubao, paka mafuta mepesi, sugua kwa msasa laini wa maji, namba 600 kisha 1000 na 2000. Sugua kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, kamwe usirudi kinyume. Usitumie mashine ya umeme, kwani joto lake hulegeza chuma na makali hayatakaa tena.

4. Chemsha bapa peke yake kwa dakika 20 tangu maji yaanze kutokota. Kutu itangulie kutolewa, kwa sababu uchafu huwakinga vijidudu. Ukilitoa, likaushe papo hapo.

5. Noa kwenye kinoo bapa chenye maji. Mgongo na makali viguse kinoo kwa pamoja, makali yakitangulia. Anza na kinoo namba 1000, maliza na namba 8000. Kisha upitishe kwenye ukanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia, la sivyo utaukata ukanda. Ukanda uwe mpya, usitumie ule wa zamani wenye mabaki ya watu.

6. Fundi akisharudisha mpini, pangusa wembe kwa spiriti ya asilimia 70. Kila baada ya kunyoa, uoshe, uukaushe na kuupaka mafuta kidogo.

Nani aurithi?

Kazi yote hiyo hupotea ikiwa wembe utatumiwa na wawili. Mtu mwenye homa ya ini B anaweza kukaa miaka bila dalili yoyote, na ugonjwa huo huweza kuishia kwenye saratani ya ini. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo yake mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Waulize kituo cha afya kuhusu kupima na kuchanja.

Basi familia ikubaliane: wembe wa babu upewe mrithi mmoja, na asiwaazime hata ndugu zake. Kumnyima ndugu yako wembe si ubahili, ni kumkinga na madhara. Na kinyozi akikujia na wembe wa kukunja, hata ung'ae namna gani, muulize umechemshwa lini na umemnyoa nani kabla yako.

Allah atujaalie usafi wa mwili na wa moyo. Amin.