Maji ya Kipimo: Maswali ya Wanandoa Waliofikiwa na Maradhi ya Figo

Tangu siku niliposema, katika mazungumzo ya wanandoa hapa Muheza, kwamba marehemu mke wangu alisafishwa damu kwa mashine muda wa miaka sita, baraza yangu haikosi mgeni wa magharibi, naye aghalabu huja peke yake, hutazama nyuma kabla ya kupiga hodi, na huanza kwa kuniuliza habari za mvua. Maswali yafuatayo ni ya wageni hao. Nimeyaondolea kila alama ya kuwatambulisha, na majibu nimeyaandika kama nilivyoyatoa, pamoja na yale yaliyonijia mgeni alipokwisha kuondoka. Nasema kama kasisi mstaafu wa Kianglikana na kama mume aliyeuguza. Tabibu mimi siye, na penye mambo ya dawa nimefuata niliyofundishwa na waliomtibu mke wangu.

Shikamoo Padre. Mume wangu akirudi kwenye mashine hawezi hata kunyanyua kikombe. Ndugu zake wengine wasema ni uvivu, wengine wasema ni dhambi ya zamani. Nishike lipi?

Marahaba, mwanangu. Usishike lolote. Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana, zikitoa taka na maji yaliyozidi kidogo kidogo. Mashine haina wasaa huo, bali mara tatu kwa juma, kwa saa nne hivi kila mara, huvuta kwa pupa yale ambayo mwili ungeyaachilia kwa siku mbili au tatu, na mtu huondoka pale kama nguo iliyokamuliwa. Ama dhambi, maradhi haya mara nyingi hutanguliwa na presha au kisukari, navyo haviulizi dhehebu. Yesu alipoulizwa kama kipofu yule alikosa yeye au walikosa wazazi wake, alizikataa sababu zote mbili. Basi shemeji na wifi zako wasidai kuijua hesabu ambayo Bwana mwenyewe hakukubali kuifungua.

Mhubiri mmoja amemwombea mke wangu, akamwambia kwamba kurudi kwenye mashine ni kuukana uponyaji. Anao ushuhuda wa kijana aliyeacha mashine akapona. Mke wangu ataka kuacha.

Ngoja nianze na kijana huyo, kwa kuwa huenda asema kweli. Ziko figo zinazosimama ghafla, kwa malaria kali, kwa damu nyingi iliyomwagika wakati wa kujifungua, au kwa dawa iliyotumiwa vibaya. Hizo, mwenyewe akisaidiwa na mashine kwa majuma kadhaa, mara nyingi huamka tena, naye huagana na mashine salama. Na ziko zilizoliwa kwa miaka mingi hata zikasinyaa na kujaa makovu, hizo haziamki. Kijana asimamapo kanisani akatangaza lililompata hana hatia. Hatia ni ya yule anayelitwaa neno lake akampimia mwenye maradhi ya namna nyingine, kama fundi amshoneaye mtu kanzu kwa kimo cha jirani yake. Mke wako, ikiwa figo zake ni za namna hiyo ya pili, na amekwisha kuitegemea mashine kabisa, akiiacha siku zake zitahesabiwa kwa majuma, si kwa miezi. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, tena mbele ya daktari wake, maana anayo haki ya kuchagua, na achaguaye kwa kudanganywa hakuchagua.

Na wala msiache kuomba. Yakobo aliagiza wazee wa kanisa waitwe wampake mgonjwa mafuta, nami nilimpaka mke wangu mara nyingi, kisha tukapanda basi la alfajiri kwenda kwenye mashine, wala hatukuona kwamba jambo moja linalitukana jingine. Hezekia alipokaribia kufa aliomba kwa machozi akaongezewa miaka kumi na mitano, na Isaya yule yule aliyemletea habari hiyo ndiye aliyeagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Paulo, ambaye hata vitambaa vilivyomgusa vilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha Trofimo Mileto, mgonjwa, akaendelea na safari yake, akalitaja jambo hilo kwa maneno machache pasipo kuona haya; nami huukumbuka mstari ule kila nimsikiapo mtu akilaumiwa kwa kutopona. Mwalikeni huyo mhubiri aandamane na mke wako siku moja ya mashine, toka alfajiri hata jioni, ndipo amwombee tena.

Wageni hutuletea madafu na machungwa, na mgonjwa asipokula wao hununa.

Pokeeni kwa jamala, wape watoto. Najua hapa kwetu Muheza kumnyima mgonjwa chungwa ni kama kumnyima salamu, lakini figo zilizokufa haziwezi kuitoa potasiamu, na dafu, chungwa na ndizi zimejaa madini hayo, ambayo yakizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo pasipo onyo. Maji nayo ni ya kipimo: wengi huruhusiwa kiasi cha lita moja kwa siku, uji na mchuzi vikiwamo. Mke wangu alikuwa na kikombe chake cha bati, na sijapata kuona anasa iliyokipita kipande cha barafu alichokuwa akikinyonya mchana wa Februari. Wanawake wa kanisa watangaze kwamba mgonjwa huyu haletewi madafu, aletewe nauli.

Sisi tungali vijana. Tangu maradhi yaanze hatukaribiani, na mume wangu huona haya kulisema. Je, nimepungukiwa imani kwa kuitaka haki yangu?

Hukupungukiwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba mume na mke wana haki kila mmoja kwa mwenziwe, ila alilinena kama deni ambalo kila mmoja hulipa kwa hiari yake. Maradhi haya, pamoja na baadhi ya dawa za presha, hupunguza nguvu za mwanamume. Daktari amekwisha kuyasikia mengi ya namna hiyo, basi nendeni pamoja mkamweleze. Mengine yatakuwa kwa upole. Sisi tulibadilishana pande za kitanda baada ya miaka ishirini na tisa, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulitengenezwa mshipa wa mashine, nao haufai kulaliwa. Usiku wa kwanza tulicheka kama maharusi.

Ukoo umemwamuru mdogo wangu anitolee figo, na mzee wa kanisa amemwambia kwamba akikataa hana upendo wa Kristo. Nami nauona uso wake.

Maadamu umeuona uso wake, wewe ndiwe wa kumfungulia mlango. Tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, jambo lililowalazimu watu kwenda India limesogea karibu, na shinikizo la koo zetu limesogea pamoja nalo. Mtu mzima aliyepimwa vema huweza kuishi kwa figo moja. Walakini ni upasuaji mkubwa kwa mtu asiyeumwa chochote, naye hana budi kuulizwa faragha, ukoo ukiwa nje, na aweze kukataa hata asubuhi ya siku yenyewe. Figo ni hiba. Hiba ikidaiwa huwa kodi, na sijaona kanisa lilipopewa idhini ya kutoza kodi ya namna hiyo.

Jana usiku nilimwomba Mungu amchukue. Asubuhi nikamvika viatu. Mimi ni mtu gani?

Mtu aliyechoka. Eliya alijiombea mauti chini ya mretemu, na malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Nani hukushikia zamu walau usiku mmoja kwa juma? Kama hakuna, niletee majina manne ya watu wa mtaa wenu, nitawaendea mwenyewe.

Nimeuza kiwanja kulipia matibabu bila kumwambia mke wangu, nisimtie huzuni. Je, ni uongo?

Ni uongo wenye huruma, nami naijua ladha yake. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa sitara, nayo ni adabu njema kwa wapita njia. Lakini sitara ikivuka kizingiti ikaingia chumbani, mgonjwa hunyang'anywa cheo chake cha mke kabla maradhi hayajamnyang'anya, kwa kuwa aliyeapa nawe mbele ya madhabahu alijifunga kushirikiana nawe hata katika hasara. Mimi niliuza shamba la minazi la marehemu baba yangu katika mwaka wa tatu wa mashine, nikamficha. Kila asubuhi isiyokuwa ya mashine nilitoka na jembe begani, nikakaa hata adhuhuri kwa rafiki yangu fundi baiskeli, nikarudi nikisema minazi haijambo. Miezi mitano. Nilipoungama hatimaye, aliniambia kwamba mnunuzi alimletea salamu juma lile la kwanza. Naye miezi hiyo yote, hata alfajiri iliyofuata siku ya mashine, alikuwa akiondoka kitandani anifungie mihogo ya kwenda nayo shambani.