Wiki ya Maji Darasani PP2: Mtoto Anajifunza Nini Anapocheza?

Kuna swali ambalo walimu wa chekechea huulizwa na wazazi karibu kila muhula: kwa nini mtoto anarudi nyumbani na shati lililolowa na udongo kwenye kucha, ilhali daftari lake halina kitu? Baadhi ya wazazi humbakiza mtoto nyumbani siku ya soko au siku ya mvua kwa kuwa "huko wanacheza tu". Wengine humhamishia shule inayompa kazi ya nyumbani kurasa mbili kila jioni. Ili kuonyesha kinachoendelea, makala haya yanafuata mpango wa wiki moja wa darasa la PP2 la hapa Kilifi, mada ya wiki ikiwa ni maji.

Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Madarasa ni mawili, PP1 ya watoto wa miaka minne na PP2 ya miaka mitano, na kipindi kimoja huchukua dakika 30. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini katika madarasa hayo mwaka wa 2019, unazungumzia shughuli: za lugha, hisabati, mazingira, dini, na za ubunifu na viungo. Mwalimu huziunganisha kwa mada moja. Neno alilolisikia mtoto Jumatatu hukutana nalo tena Jumanne katika hesabu, na Jumatano liko mikononi mwake.

Jumatatu mwalimu huanza na swali moja tu: maji hutoka wapi? Watoto wana majibu tayari. Bombani. Kwenye mtungi. Kwa mkokoteni wa punda. Kwa nyanya. Hakuna jibu linalokataliwa, kwani kila moja ni kweli kwa mtoto aliyelitoa. Kazi ya mwalimu ni kuuliza tena, "Na kabla ya hapo?" hadi darasa lifike mtoni, kisimani na kwenye mvua. Watoto wa Malindi na Kilifi mjini wanaweza kuelezwa kwamba maji yao ya bomba huchotwa Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya Mto Sabaki. Kwa mtoto wa miaka mitano hilo ni jambo la kushangaza, na mara nyingi ndilo analolisimulia nyumbani jioni.

Kipindi cha lugha hufuata papo hapo. Sera ya elimu inataka watoto wa chekechea hadi Gredi ya Tatu wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa eneo la shule. Basi anayesema "madzi" kwa Kigiriama hakosolewi. Mwalimu huweka "madzi" na "maji" pamoja, watoto wayatamke polepole, wapige kofi kwa kila silabi, kisha wasikilize sauti ya kwanza. Ni ileile, m. Wanatafuta vitu vingine vinavyoanza hivyo: mama, mbuzi, mkeka. Kusoma huanzia hapo, sikioni, kabla ya kalamu kushikwa.

Jumanne ndiyo siku ya nguo kulowa, na pengine ndiyo siku ya thamani zaidi katika wiki. Beseni la maji huwekwa nje chini ya mti, pamoja na kata, vikopo, chupa za plastiki na sufuria kuukuu. Kazi ni kujaza na kuhesabu. Vikopo vingapi vinajaza chupa hii? Kabla ya kumimina, kila mtoto anakisia. Wanahesabu kwa sauti, wanapoteza hesabu, wanabishana, wanaanza upya.

Kisha mwalimu anamimina maji ya kikopo kipana ndani ya chupa nyembamba ndefu, mbele ya macho yao, na kuuliza maji yapi ni mengi. Wengi hujibu kuwa ya chupa ni mengi kwa sababu yamepanda juu. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, aliyefariki mwaka wa 1980, alifanya jaribio la aina hii na watoto, akaona kwamba wengi walio chini ya miaka saba hivi hujibu vivyo hivyo. Kwa hiyo mzazi asishtuke akisikia jibu hilo nyumbani. Mtoto bado anapima kwa jicho. Kumkaripia hakutambadilisha. Kumwachia amimine tena na tena, arudishe maji kikoponi na kuona yanafika palepale, ndiko kutakakomsaidia. Ukurasa uliojaa tarakimu za kunakili hauwezi kumwonyesha jambo hilo.

Jumatano ni udongo. Watoto wanafinyanga mitungi, vikombe na, bila shaka, magari. Kufinya, kuviringisha na kubana hutia nguvu vidole vitakavyoshika penseli. Mtoto anayelazimishwa kuandika mistari mirefu kabla vidole havijakomaa huchoka upesi, akaanza kuchukia kuandika. Alhamisi ni fupi: kunawa mikono kwa maji yanayochirizika kutoka mtungi mdogo uliotobolewa na kuning'inizwa kwenye nguzo, kabla ya uji na baada ya choo, na wimbo wa kupima muda wa kusugua.

Ijumaa hakuna mtihani. Wiki nzima mwalimu amekuwa akiandika alichokiona: nani anahesabu hadi kumi bila kuruka, nani anasikia sauti ya kwanza ya neno, nani hajazungumza tangu Jumatatu. Maandishi hayo ndiyo tathmini, na mzazi ana haki ya kuyaulizia.

Hapo ndipo utoro unapoumiza. Mtoto aliyekosa Jumanne anaketi Jumatano akisikia wenzake wakitaja chupa na vikopo ambavyo hakuvishika, na mwalimu hana cha kuandika juu yake katika hesabu. Hasara hiyo haionekani nyumbani kwa sababu hakuna daftari la kuionyesha. Inajitokeza Gredi ya Kwanza, mtoto anapodaiwa kusoma na kujumlisha pamoja na wenzake.

Wazazi wanaombwa kumfikisha mtoto kabla ya kipindi cha kwanza kila siku, hata siku za soko, na kumvalisha nguo isiyo na hatari ya kuchafuka. Chupa tupu, vifuniko vya soda na makopo yasiyo na ncha kali yanapokelewa darasani. Mwalimu pia hutaja mapema mada ya wiki inayofuata. Ikiwa ni wanyama wa nyumbani, unyoya mmoja wa kuku unatosha.