SOMO LA WAFANYAKAZI: MWENYE KIWANDA NI NANI?



Somo letu safari hii ni juu ya gurudumu la baiskeli. Baadhi yenu mtacheka. Lakini kila anayekwenda shambani alfajiri kwa baiskeli anajua kwamba ringi ikipinda, siku imeharibika, na mnyapara hasikilizi habari za ringi.

Huko Ufaransa kuna kampuni iitwayo Mavic, iliyoanzishwa mwaka 1889 upande wa Lyon. Ilipata sifa kwa ringi zake. Zamani ringi za mashindano zilikuwa za mbao. Mavic ikatengeneza ya duralumini, ambayo ni aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine ili iwe ngumu. Mwaka 1934 Antonin Magne alishinda Tour de France, mashindano makubwa ya kuzunguka nchi ile, na inasimuliwa kwamba ringi zake zilipakwa rangi ya mbao ili wakubwa wa mashindano wasizitambue.

Baadaye zikaja ringi za kaboni. Hizi hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizoloweshwa gundi. Wafanyakazi huzikata vipande, huvipanga ndani ya kalibu kimoja kimoja kwa mkono, kisha kalibu hutiwa moto mpaka gundi ikakaza. Ninyi wa mkonge mnajua kazi ya nyuzi. Mpangaji akikosea, ringi inaweza kupasuka mteremkoni na mtu akavunjika shingo. Jozi moja ya magurudumu hayo huweza kupita bei ya pikipiki mpya. Haikuwa kazi ya kubahatisha, na tunaomba hilo likumbukwe tunapoendelea.

Sasa tazameni kampuni hii ilivyopita mikononi mwa watu. Mwaka 1994 ilichukuliwa na Salomon, watengenezaji wa vifaa vya kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1997 Adidas ya Ujerumani ikainunua Salomon, na Mavic ikaenda pamoja nayo kama ndama tumboni mwa ng'ombe. Mwaka 2005 ng'ombe akauzwa tena kwa Amer Sports ya Finland. Mwaka 2019 Amer yenyewe ikachukuliwa na kundi la matajiri lililoongozwa na Anta ya China, na mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Mavic inauzwa kwa kampuni ya Marekani iitwayo Regent.

Mwezi Mei 2020 Mavic ilishindwa kulipa madeni, ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama huko Grenoble. Hapo ndipo wafanyakazi walipokuta kwamba kwenye karatasi mwenye mali si Regent. Ni kampuni nyingine, M Sport, iliyoandikishwa katika jimbo la Delaware huko Marekani. Watu waliofanya kazi pale miaka mingi walikuwa hawamjui tajiri wao!

Mwezi Julai mahakama ikaikabidhi Mavic kwa familia ya Bourrelier, wafanyabiashara wa Ufaransa. Kazi 105 zikabaki, kama nusu tu ya zilizokuwapo. Mwaka 2021 hata magari ya njano ya Mavic, yaliyozoeleka kuwasaidia waendeshaji wa Tour de France wanapopata pancha, yaliondoka na nafasi ikachukuliwa na Shimano ya Japani. Jina la Mavic bado lipo, na magurudumu yake bado yanauzwa.

Wako wanaosema kosa ni la Mavic kwa sababu ilichelewa kutengeneza ringi pana wakati wenzake wanazitoa, na viwanda vya Asia viliuza kwa bei nafuu. Hayo yana ukweli. Lakini si mpangaji wa nyuzi anayeamua upana wa ringi. Anayeamua ni mwenye mali, na mwenye mali alikuwa akibadilika.

Sisi wenyewe tuliwahi kukutana na jambo la namna hii. Katika shamba moja tulidai kiinua mgongo cha wazee kumi na mmoja. Meneja mpya akasema deni ni la mwenye shamba wa zamani. Tukamtafuta huyo wa zamani miezi minne. Tukakuta sanduku la posta. Wazee wawili walifariki kabla ya kupata hata senti.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Jina lililoandikwa kwenye kibao cha lango lenu ni la mwajiri, au ni la bidhaa tu?

2. Ni nani anayetia sahihi barua zenu za ajira, na kwa niaba ya kampuni gani? Leteni barua mbili au tatu za miaka tofauti mzilinganishe.

3. Kiwanda kikiuzwa kesho, orodha ya miaka ya kazi ya kila mfanyakazi iko kwa nani? Je, tawi lina nakala yake?