Vidokezo: Skrubu Iliyoganda kwa Kutu ya Pwani

Gari kuukuu Kismayu huliwa na chumvi kuliko barabara. Kusi ikishaanza kuvuma, manyunyu ya bahari yanafika hadi uani, yanatua chini ya gari, na chumvi ile huvuta unyevu hata usiku wa kiangazi. Wavuvi wa visiwa vya Chula na Koyama wenye mashine za boti wanaijua taabu hii vizuri. Nguvu peke yake haikusaidii hapa. Kilinde kichwa cha skrubu mpaka mwisho.

1. Safisha kwanza. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi zinazoonekana, kisha chokoa tundu la kichwa kwa msumari mwembamba. Mafuta hayapenyi palipojaa mchanga, na bisibisi isiyofika chini itakula kichwa.

2. Tia mafuta, ukalale. Tia jioni, gonga kidogo, tia tena asubuhi. WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji. Inasaidia, ila mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kutu iliyoganda ni bora. Ukiyakosa, changanya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na utikise kila unapotumia maana yanajitenga. Yasiguse rangi wala mpira, na sigara ikae mbali. Sifa, yaani mafuta ya papa, waachie wenye majahazi, ile ni ya mbao.

3. Itambue skrubu ya Kijapani. Hili mafundi wengi hawaambiwi, na ndilo linaloharibu vichwa vingi. Magari yetu mengi yametoka Japani, na skrubu zake za msalaba hufuata kipimo cha huko kiitwacho JIS. Zinafanana na zile za Phillips, lakini bisibisi ya Phillips haikai hadi chini; ukikaza mkono inapanda juu na kuparura kichwa. Tazama kichwani: mara nyingi pana kitone kidogo kando ya msalaba. Nunua bisibisi ya JIS. Kama haipatikani, saga ncha ya ile uliyo nayo kidogo tu, hadi ikae bila kucheza.

4. Gonga kabla ya kuzungusha. Bisibisi ya kugonga kwa nyundo hushindilia na kuzungusha kwa pigo moja. Ikianza kulegea usiikimbize: fungua robo, rudisha, tia mafuta, fungua tena.

5. Moto uende kwenye nati, usiende kwenye bolti. Nati ikitanuka huachia. Kwenye aluminiamu pasha moto bodi yenyewe, kwani hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kaa mbali na tangi na mipira ya breki, na usiwashe moto kabla asetoni haijakauka. Palipopuliziwa dawa ya kusafishia breki pasiguswe na moto kabisa: baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikiungua hutoa fosijeni, gesi inayoua.

6. Ngoma ya breki isiyotoka usiivunje kwa nyundo. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa ngoma, kwa kawaida ya bolti za milimita 8. Legeza breki ya mkono, tia bolti mbili, kaza kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo. Ngoma itajisukuma yenyewe.

7. Kichwa kikikatika, mwite fundi wa kuchomelea. Aweke nati juu ya kisiki na kuichomelea kwa ndani. Joto lenyewe huvunja kutu, nawe unapata pa kushika spana. Kile chombo cha kung'olea chenye nyuzi za kushoto kitumie kwa tahadhari kubwa. Ni kigumu sana, kikikatikia ndani ni taabu kukitoboa kwa kekee.

8. Unaporudisha, paka grisi ya shaba kwenye nyuzi, isipokuwa nati za magurudumu, kwa sababu zikiteleza utazikaza kupita kiasi. Na kila ukipita ufukweni, mwagia maji baridi chini ya gari siku hiyohiyo, hasa kwenye springi na nyuma ya magurudumu.