Kondishena ya kuoshea na stimingi: mwulize mteja kabla hujamtajia bei

Leo naongea na wanaouza vitu vya nywele mtandaoni. Kuna bidhaa inaulizwa sana siku hizi na wengi tunaiuza kwa picha tu: kondishena ya kuoshea nywele. Kwenye kopo utakuta imeandikwa Co-Wash au Cleansing Conditioner. Mimi naiita kowoshi.

Jambo la kwanza la kumwambia mteja: haitoi povu. Usipomwambia, atapokea mzigo, atasugua, hataona povu, atakupigia kwamba umemuuzia feki. Mimi niko Kisesa na wateja wangu wengi wako njia ya Musoma, kuanzia Nyanguge, Magu mpaka Bunda. Kopo likirudishwa, nalipa basi mara mbili na faida imeisha hapo hapo.

Sasa kwa nini haitoi povu? Shampuu ina sabuni kali kidogo, inaondoa uchafu pamoja na mafuta. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki vizuri mpaka kwenye ncha. Ndiyo maana kichwani unakuta mafuta na ncha zimekauka kama ufagio. Kowoshi ina kisafishaji chepesi sana ndani ya kondishena: inatoa jasho na vumbi la kawaida, mafuta mengi yanabaki. Inamfaa mwenye nywele za asili kavu, hasa anayeosha mara kwa mara.

Haimfai kila mtu, na hapa ndipo wauzaji tunapopaharibu. Mwenye mba usimpe kowoshi peke yake. Anayepaka grisi na jeli nzito kila siku, au aliyefumua rasta za mwezi mzima, aanze na shampuu. Hata yule inayemfaa, mwambie kila baada ya kuosha mara mbili au tatu kwa kowoshi, aoshe mara moja kwa shampuu laini. Asipofanya hivyo mabaki yanajazana, kichwa kinawasha, nywele zinakuwa nzito. Na asuuze sana, maji mengi, vidole vifike kwenye ngozi.

Usione ni jambo dogo. Marekani kulikuwa na kondishena ya kuoshea maarufu sana, inaitwa WEN. Julai 2016 FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitoa tahadhari kwa umma: ilikuwa imepokea taarifa 127 moja kwa moja kutoka kwa watumiaji, halafu ikagundua malalamiko zaidi ya 21,000 yalikuwa yamefika kwa kampuni zenyewe. Watu walisema nywele zinanyonyoka, wengine vipara, wengine muwasho na vipele. FDA haikutaja kiungo gani kilisababisha. Lakini kesi ilifunguliwa na kampuni zikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 26. Sisi hatuna hata milioni moja ya kulipa mtu. Kwa hiyo mteja akikwambia kichwa kinawasha, usimwambie "vumilia, itazoea". Mwambie aache, aoshe, na hali ikiendelea aende hospitali.

Tuje kwenye stimingi na tritimenti za unyevu. Hapa kuna kitu kimoja ukikielewa utauza vizuri: unyevu ni maji. Mafuta hayaleti unyevu, yanaufungia. Mteja anayepaka mafuta ya nazi kwenye nywele kavu halafu analalamika bado zinakatika, hajakosea mafuta, amekosa maji. Utaratibu ni huu: aoshe, akamue maji, apake tritimenti nywele zikiwa bado mbichi, avae kofia ya kuogea, akae dakika 15 mpaka 30. Hana mashine ya stimu? Taulo lililolowekwa maji ya moto na kukamuliwa juu ya ile kofia linatosha. Asuuze, apake lividin, ndipo mafuta kidogo.

Wanaotumia parachichi na yai nyumbani siwapingi, ila parachichi lisagwe hasa, maana vipande vikishanasa kwenye kipilipili utavitoa mpaka Jumapili. Na yai lisisuuzwe kwa maji ya moto. Litaivia kichwani.

Soma kopo pia kama tritimenti ni ya unyevu au ya protini. Nywele mbichi zikivutika kama lastiki bila kurudi, mara nyingi zinahitaji protini, na hii hutokea sana kwa zenye dawa. Zikiwa ngumu na zinavunjika kama majani makavu, mpe ya unyevu. Mteja akiogopa neno "alcohol" kwenye kopo, mwonyeshe: cetyl alcohol na cetearyl alcohol ni za kulainisha, hazikaushi.

Halafu hii tabia ya kupima kwenye vikopo vidogo visivyo na jina, mimi siipendi kabisa. Krimu hizi zina maji ndani. Kidole kibichi kikiingia zinaharibika. Pia kikopo hakionyeshi viungo wala tarehe ya mwisho. Kwenye kopo la asili tafuta pia kale kapicha ka kopo lililofunguliwa kalikoandikwa 12M: maana yake itumike ndani ya miezi 12 tangu ifunguliwe. Na kumbuka tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, siyo TFDA tena, kwa hiyo kabla ya kununua mzigo wa jumla hakikisha bidhaa imesajiliwa huko.

Huu ndio ujumbe ninaoutuma kabla ya kutaja bei. Ukopi, ubadilishe upendavyo:

"Asante kwa kuulizia dada. Naomba nikuulize: nywele ni za asili au zina dawa? Una mba au muwasho? Unaosha kila baada ya muda gani, na unapaka nini ukimaliza? Nitumie na picha ya ncha zikiwa kavu, nikuambie ipi itakufaa."