Bangi kama Dawa: Kibali cha Kaunti Si Ruhusa ya Kuiuza

Je, mfanyabiashara wa Karen anaweza kulipia kibali cha biashara na kufungua duka la bangi ya matibabu? Jibu ni hapana. Nchini Kenya hakuna leseni ya duka la aina hiyo, na kibali cha kaunti hakiwezi kuchukua nafasi yake. Somo hili linaeleza sheria inasema nini, mwenye duka la dawa anatakiwa kuwa na nini, na familia yenye mgonjwa inaweza kusaidiwa wapi.

Sheria inasemaje?

Bangi inasimamiwa na Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994. Kifungu cha 3 kinakataza kupatikana nayo na kifungu cha 4 kinakataza kuiuza. Marufuku hayo hayahusu majani peke yake, bali pia utomvu wake na vitu vinavyokamuliwa kutoka kwake. Kwa hiyo kuibandika chupa maandishi ya "dawa" au "tiba asilia" hakubadilishi kosa. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliongeza adhabu ya ulanguzi hadi faini ya mamilioni ya shilingi na vifungo vya miaka mingi.

Wenye nyumba pia wanahusika. Kifungu cha 5 kinamfanya mkosaji mwenye jengo au msimamizi anayeruhusu litumiwe kuuza au kuvuta bangi. Kifungu cha 6 kinamgusa anayeikuza pamoja na mwenye shamba anayeruhusu ikuzwe. Mkazi wa Karen anayekodisha nyumba ya uani au sehemu ya shamba lake anapaswa kujua mpangaji anafanya kazi gani pale.

Mbona nchi nyingine zimeruhusu?

Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya matibabu mwaka 2017. Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa ukali zaidi, ingawa bado imo katika orodha ya zinazodhibitiwa. Hapa Kenya, Jumuiya ya Marastafari ilifika Mahakama Kuu mwaka 2021 kuipinga sheria hii. Hata hivyo, leseni ya nchi nyingine haimlindi mtu aliyeko Nairobi, na kesi kuwasilishwa mahakamani hakuifuti sheria.

Mwenye duka la dawa anahitaji nini?

Kibali cha biashara cha kaunti kinahusu mahali na shughuli. Ruhusa ya kuuza dawa hutolewa na Bodi ya Dawa na Sumu chini ya Sura ya 244 ya Sheria za Kenya. Mwenye duka ahakikishe mambo haya:

1. Duka limesajiliwa na Bodi. Usajili huisha tarehe 31 Desemba na huombwa upya kila mwaka.
2. Kuna mtaalamu wa dawa aliyesajiliwa anayesimamia duka mwenyewe. Kuazima cheti cha mtu asiyekuwepo hakutoshi.
3. Vyeti vimewekwa mahali ambapo mteja anaviona.
4. Dawa zinazohitaji cheti cha daktari haziuzwi bila cheti hicho, na mauzo yake yanaandikwa kitabuni.
5. Kila dawa iliyo rafuni imesajiliwa nchini. Dawa iliyoletwa kwa begi kutoka ng'ambo isiuzwe.

Mwenye duka lenye vyeti vyote hivi bado haruhusiwi kuuza mafuta ya bangi.

Familia yenye mgonjwa ifanye nini?

Wengi wanaotafuta bangi kama dawa wana mgonjwa mwenye maumivu makali, hasa ya saratani. Sheria haijawafungia njia. Inamruhusu mgonjwa kuwa na dawa iliyodhibitiwa ambayo ameandikiwa na daktari kwa matibabu yake. Mofini iko katika kundi hilo, nayo hutumiwa kihalali kutuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990 katika eneo la hospitali hiyo, hutoa huduma ya kutuliza maumivu.

Anayenunua chupa kwa muuzaji wa mtandaoni hajui kilichomo wala kipimo chake, na mgonjwa anaweza kudhurika kinapochanganywa na dawa nyingine. Zaidi ya hayo, anayekwenda kumchukulia mgonjwa ndiye atakayekamatwa nayo. Ni afadhali amwambie daktari waziwazi kwamba dawa za sasa hazitulizi maumivu, ili zibadilishwe au kipimo kirekebishwe.

Anayehitaji msaada wa kuacha bangi au dawa nyingine za kulevya anaweza kupiga 1192, nambari ya NACADA isiyolipiwa.