Waya za Meno na Mazingira: Mwongozo kwa Mtumiaji

Anayekusudia kunyooshwa meno huuliza kwanza mambo mawili: gharama na muda. Ni maswali ya haki. Katika somo hili tunaongeza la tatu: vifaa hivi hutoka wapi, na vikishatumika huenda wapi? Hatulengi kumlaumu mtu kwa kutaka meno yaliyopangika, kwa kuwa meno yaliyobanana ni magumu kusafisha na matibabu yake ni huduma halali ya afya. Tunalenga kumwonyesha mtumiaji kwamba sehemu kubwa ya taka za matibabu haya imo mikononi mwake mwenyewe.

Vifaa vya chuma

Waya za meno zina sehemu kuu mbili: vishikizi vidogo vinavyogandishwa kwenye kila jino, na waya unaopita ndani yake. Vishikizi vingi hutengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu, ambacho huwa na kromiamu na nikeli. Waya laini unaotumika katika miezi ya mwanzo huwa mchanganyiko wa nikeli na titaniamu, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni nikeli. Hayo ni madini yanayochimbwa ardhini kwa gharama kubwa ya nishati, maji na ardhi. Hapa kwetu hifadhi yake kubwa ya nikeli inajulikana Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera.

Uzito wa chuma kinywani mwa mtu mmoja ni mdogo, na chuma kinaweza kuyeyushwa na kutumika tena. Tatizo ni kwamba vipande hivyo ni vidogo, vimegusa mate na damu, na ncha zake huchoma. Kituo kinachofuata taratibu huviweka katika kasha gumu la taka zenye ncha kali. Kipande cha waya kikikatika ukiwa nyumbani, kitie katika kichupa chenye kifuniko na ukipeleke kliniki siku ya miadi. Usikitupe katika mfuko wa taka, kwani kitamchoma mzoa taka.

Vifuniko angavu

Wapo wanaochagua vifuniko angavu vya plastiki vinavyovaliwa juu ya meno na kubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili. Tufanye hesabu. Matibabu ya mwaka mmoja yenye kubadilisha kila wiki mbili yanahitaji vifuniko 26 vya meno ya juu na 26 vya meno ya chini, yaani 52. Kwa kawaida kila kifuniko hufinyangwa juu ya umbo la meno lililochapwa kwa utomvu mgumu wa plastiki, na umbo hilo halina kazi tena baada ya hapo. Utomvu huo ukishagandishwa hauyeyuki tena, kwa hiyo hauwezi kurejelezwa kwa njia ya kawaida.

Kwa macho, kifuniko hicho hufanana na plastiki ya chupa ya maji, lakini si kitu kimoja. Kikichanganywa na chupa zinazokusanywa kwa ajili ya kiwanda cha urejelezaji, huweza kuharibu mzigo mzima. Kisichomwe moto pia, kwa sababu moshi wa plastiki ni sumu kwa anayeuvuta. Uliza kama mtengenezaji hupokea vifuniko vilivyotumika. Kama hapokei, virudishe kliniki.

Plasta, raba na vifungashio

Vipimo vya meno vilivyochukuliwa kwa plasta huacha nakala nzito ambazo hatimaye hutupwa. Plasta ya jasi ikifukiwa dampo pamoja na mabaki ya chakula, pasipo hewa, huzalisha gesi yenye harufu ya yai bovu ambayo ni hatari kwa afya. Kupima kwa kamera ya kompyuta huondoa taka hiyo, endapo kliniki inayo.

Raba ndogo za kuvuta taya hubadilishwa kila siku. Anayetumia mbili kwa siku hutupa takriban 360 katika miezi sita. Zitupwe katika chombo cha taka, si chooni wala barabarani.

Kuhusu vifungashio, wasomaji watakumbuka kwamba Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya bidhaa za tiba viliachwa nje ya katazo hilo. Sababu yake ni nzuri: kifungashio hulinda usafi wa kifaa kinachoingia kinywani. Hata hivyo, ruhusa hiyo si kibali cha kufungua visivyohitajika.

Taka kubwa ni ya kurudia

Utafiti wa huduma za meno za umma nchini England, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya hewa ya ukaa inayotokana na huduma hizo ilisababishwa na safari za wagonjwa na wafanyakazi. Hilo linatufundisha kwamba kila miadi ya ziada ina uzito wake. Kishikizi kilichong'oka kwa sababu ya mua, bisi au mahindi ya kuchoma humaanisha kishikizi kipya, gundi mpya, glavu mpya na safari nyingine.

Hasara kubwa zaidi hutokea mwishoni. Waya zikishatolewa, meno huwa na tabia ya kurudi yalikotoka. Ndiyo sababu daktari hutoa riteina, yaani kifaa cha kuyatuliza meno mahali pake. Riteina nyingi hupotea kwa namna moja: huvuliwa wakati wa kula, huzungushiwa karatasi laini, kisha hutupwa pamoja na mabaki ya sahani. Nyingine hupinda kwa kuoshwa kwa maji ya moto. Mtu asiyevaa riteina yake aweza kulazimika kuanza upya, na hapo madini, plastiki, safari na fedha zote za awali huwa zimepotea bure. Kijaluba chake kigumu ni kifaa bora cha kutunza mazingira kuliko tangazo lolote.

Kupunguza taka bila kuhatarisha afya

Usikubali kifaa cha matumizi ya mara moja kitumike tena kwako kwa hoja ya kubana matumizi au kulinda mazingira. Tazama kifungashio: alama ya namba 2 ndani ya duara, iliyopigwa mstari, humaanisha kwamba kifaa hakirudiwi. Koleo na vioo vya chuma ni jambo jingine. Hivyo vimeundwa kutakaswa kwa mvuke wa joto kali na kutumika tena. Usinunue vishikizi au waya mitandaoni ili kujifunga mwenyewe.

Jihadhari pia na maneno matamu. Bidhaa ikiitwa “rafiki wa mazingira” au “inayooza”, uliza inaoza katika hali gani na nani amethibitisha. Mswaki wa mwanzi, kwa mfano, mara nyingi huwa na nywele za nailoni, na nailoni haiozi.

Maswali ya kumwuliza daktari kabla ya kuanza

1. Je, hali yangu inahitaji matibabu haya, na yatachukua muda gani?
2. Kati ya waya na vifuniko, kipi kinanifaa, na kila kimoja huacha taka gani?
3. Vifaa vilivyotumika hupelekwa wapi?
4. Kishikizi kiking'oka au riteina ikipotea, nifanye nini na nitalipa kiasi gani?
5. Riteina nitaivaa kwa muda gani?

Majibu yaandikwe katika makubaliano yenu ya matibabu. Ukionyeshwa kifaa kisicho na lebo, au ukiona kifaa cha matumizi ya mara moja kikirudiwa, toa taarifa katika ofisi yetu iliyo karibu nawe.

Kwa ufupi, matibabu yenye taka chache zaidi ni yale yanayofanyika mara moja, yakakamilika, na matokeo yake yakatunzwa.